Sauti Waliyoisafisha

Mke mwenzangu na mimi tuligombana kwa mengi: shamba la kahawa, kuni, zamu, hata jogoo. Jambo moja hatukuwahi kuligombania, nalo ni wimbo. Yeye alianzisha, mimi nikaitikia. Akitoa sauti huku kwetu kata ya Ruanda, watu wa bondeni wanaacha majembe, na mimi nikiipokea wanajua hapo hakuna utani, binti wa watu anatoka. Sioni haya kulisema. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kuitikia sijaona wa kunishinda kata nzima, na kama yupo ajitokeze.

Wimbo wenyewe ni wa kumtoa binti nyumbani. Siku wanapokuja kumchukua, wanawake wa mji, yaani wa boma lile, husimama mlangoni, na kiongozi huwataja wote walioolewa pale, mmoja mmoja, wa zamani na wa sasa: huyu alikuja na nini, alilima wapi, alizaa nani, mdomo wake ulikuwaje. Kila akimaliza mmoja sisi tunaitikia, "Alikuja, akakaa." Mwisho anamfikia mama wa bibi harusi, ndipo binti anavuka kizingiti. Ukimruka mwanamke mmoja, hata kwa kusahau, umemfukuza mjini. Ndugu zake watanuna mpaka uende ukapige magoti. Kwa hiyo kiongozi si mwenye koo nzuri tu, ni mwenye kichwa.

Mke mwenzangu alikuwa na kichwa. Wala hakuimba kwa kukariri, aliimba kwa kutazama. Akimwona fulani amekuja, anamwongezea neno la kumchekesha. Akimwona mwingine ana msiba, anampunguzia makali. Siku moja aliponifikia mimi aliimba kwamba nilikuja na sanduku tupu na ulimi uliojaa. Watu wakaanguka kwa kicheko. Na mimi nikaitikia kwa sauti yangu yote: alikuja, akakaa. Ningefanya nini?

Mjukuu wangu wa kwanza alikulia kati yetu. Huyo ndiye aliyeutoa ukoo wetu kimasomaso, akafika chuo, akavaa joho, na picha ile iko ukutani, atakayeingia kwangu ataiona kabla hajaona kiti. Tangu akiwa mdogo mke mwenzangu alikuwa akimwambia, "Wewe nitakutoa mimi. Nitaimba mpaka wakwe waone aibu ya walicholeta." Mtoto alikua akijua hivyo. Na mimi nilikua, maana hata mtu mzima anakua, nikiingojea siku hiyo.

Basi tulikuwa na chama chetu cha utamaduni. Kilianza kama kikundi cha ngoma cha akina mama, tunacheza kwenye sherehe za kata, tunapewa soda tunarudi. Kisha ikaja miaka ya wafadhili. Mkoa wetu ulikuwa bado Mbeya, haujagawanywa. Vitu vingi vilikuja kwa gari miaka ile na vikaondoka kwa gari: wanunuzi binafsi wa kahawa, mbegu mpya, makanisa mapya. Sasa ikaja kompyuta. Katibu wa chama, mtu wa kuvaa shati la kuchomekea hata akienda chooni, akatuita akasema tumepata mradi. Nyimbo zetu zitaingizwa kwenye mashine, zitakaa humo milele, na mtu yeyote duniani ataweza kuzisikiliza.

Nikauliza, "Mtu gani wa duniani anatafuta wimbo wa kumtoa binti wa Ruanda?"

Katibu akacheka. "Mama, utandawazi."

Sikujua ni nini. Niliona tu kwamba ukilisema hilo neno maswali yanakwisha.

Kituo kikafunguliwa kule Mpemba, chumba cha kupanga kando ya barabara kuu, maana kule umeme ulikuwepo. Aliletwa binti wa mradi kutoka mjini, msichana mpole, mwenye adabu, anaamkia mpaka watoto. Huyo simsemi vibaya. Alitundika magodoro ukutani, chumba kizima, na blanketi dirishani, ili sauti za malori yanayokwenda mpakani zisiingie. Ukiingia unadhani kuna mgonjwa wa kifafa.

Siku ya wimbo wetu tulikwenda wanawake wengi, tumevaa vitenge vya sare. Binti wa mradi akasema anayeingia ni kiongozi peke yake.

"Na wanaoitikia?" nikamuuliza.

"Mama, nyie nitawarekodi kesho kutwa. Nikirekodi wote pamoja sauti zinaingiliana, haitakuwa safi."

"Kesho kutwa tutamwitikia nani?"

Akatabasamu, akanishika mkono, akanikalisha kwenye benchi nje.

Mke mwenzangu akaingia. Wakamvika vitu vya masikioni, akageuka kunitazama kama ng'ombe anayetiwa kwenye josho. Mlango ukafungwa. Tukakaa. Malori yanapita. Kidogo nikasikia sauti yake inapenya yale magodoro, nyembamba, ya mbali, inaita. Ikafika mahali pa kupokea, ikasimama. Ikangoja.

Jamani, mimi ningefanyaje? Zaidi ya miaka thelathini sauti ile ikisimama mimi naipokea. Nikapokea. Na wenzangu wote kwenye benchi wakapokea. Madereva barabarani wakapiga honi kwa furaha.

Mlango ukafunguliwa. Binti wa mradi uso umemjaa jasho. "Mama zangu, nawaomba sana. Mnaharibu."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kuambiwa naharibu wimbo.

Tukanyamaza. Ndani ikaendelea: anaita, anangoja, anaita, anangoja. Alipotoka, kilemba kimelowa. Nikamuuliza kama amewataja wanawake wote.

"Nimtaje nani? Mle ndani kuna magodoro tu." Akajifuta shingo. "Nimeimba mwanzo, nikarudia mwanzo. Nilipotaka kumtaja mama mkwe nikaona simwoni mtu, maneno yakakataa. Yule binti kasema inatosha, ni nzuri sana."

"Mwambie arudie sisi tukiwemo."

"Mwambie wewe mwenye ulimi."

Nikamwambia. Binti wa mradi akamwita katibu, katibu akanipeleka pembeni. Kwa kunong'ona, kama mtu anayekuambia siri ya ukoo, akasema mradi una muda wake, nyimbo zilizoahidiwa ni nyingi, na zote lazima zifike kabla wageni hawajaja. Nikarudi kwenye benchi. Hiyo kesho kutwa ya kuturekodi waitikiaji mimi naingoja mpaka leo.

Kisha ukaja uzinduzi. Hapo hawakupungukiwa kitu. Turubai, fulana, maji ya chupa, kitambaa cha meza chenye marinda. Mgeni rasmi akabonyeza, sauti ya mke mwenzangu ikatoka kwenye spika kwa muda wa kupiga chafya, makofi. Nikamsikia yule mgeni akimwambia, "Mama, sasa hata Mungu akikuita, sauti yako haifi."

Neno hilo ndilo lililotuua.

Kwa maana mke mwenzangu alikuwa na mwanafunzi. Kwetu kiongozi hajitokezi tu kama uyoga. Huchaguliwa binti wa ukoo wake, anakaa ubavuni mwa kiongozi harusi baada ya harusi, hasemi kitu, anasikiliza, na akikosea kuitikia anafinywa paja. Mwanafunzi wake alikuwa binti wa kaka yake, amefinywa miaka mingi. Aliichoka kazi hiyo. Alitaka kwenda Tunduma kuuza vitenge vya Zambia, na kila Jumamosi ya harusi ilimkata miguu. Baada ya uzinduzi alikuja jikoni kwetu.

"Shangazi, si wimbo wameshauweka kwenye kompyuta? Mimi nibaki hapa nashika nini?"

Nilidhani mke mwenzangu atamtupia mwiko. Badala yake akageuza ugali, akasema, "Nenda, mwanangu. Katafute maisha. Sauti yangu iko Mpemba."

"Dada," nikamwambia, "umelogwa? Ile ya Mpemba ni mwanzo tu."

"Wewe mdogo umezidi wivu. Kwa sababu sauti yako hawakuichukua."

Nilikasirika, nikatoka nje. Alikuwa na haki ya kuamini. Alikuwa mwanamke aliyefyeka, akazaa, akazika watoto, na hakuna mtu mwenye gari aliyewahi kumwambia kuna kitu chake kitabaki. Akaambiwa mbele ya watu, kwenye kipaza sauti. Wewe ungekataa?

Na si yeye peke yake. Harusi zilizofuata, watu walianza kumkodi dijei kutoka Tunduma. Ukiuliza wimbo, unajibiwa, "Ule upo, umehifadhiwa." Nimelifikiria sana neno hilo. Mahindi ukiyahifadhi unayafungua, unayala, unapanda mengine. Wimbo wetu waliuhifadhi kama maiti.

Mradi ukaisha. Hakuna aliyekuja kutuambia umeisha. Tuliona tu binti wa mradi hayupo, gari halipiti, na umeme wa kile chumba umekatika kwa kukosa wa kulipia. Magodoro yakagawanywa. Wilaya ya Momba ilipozaliwa, katibu akahamia Chitete kutafuta riziki penye ofisi mpya, na ile kompyuta akaenda nayo kwenye kapu la bodaboda, kasema anaitunza kwa niaba ya chama.

Mke mwenzangu akafa wakati wa kupalilia maharage. Hakuumwa sana. Kifua, siku chache, basi. Katika kumzika nilitaka kuimba, nikaona sina pa kuanzia. Mimi ni wa kupokea. Nikalia tu kama watu wengine.

Haukupita muda mrefu, mjukuu wangu akaleta habari ya mchumba. Kijana wa Kinyiha, wa milima ya huko juu Mbozi, watu wa kahawa, watu wanaojua mila na wanaoihesabu. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Wakwe kama hao hawadanganywi kwa keki. Watasimama nje wangoje kusikia mlango wetu una wanawake gani.

Nikamtafuta yule mwanafunzi. Akaja kutoka Tunduma, kanenepa, simu mbili, Kiswahili chake kimechanganyika Kibemba cha wateja. Nikamkalisha. "Imba."

Akaimba. Mwanzo vizuri, nikasisimka mwili. Akamtaja wa kwanza, wa pili, akafika kwa mama wa babu yake mume wangu, akakwama. Akarudi nyuma, akakwama tena.

"Mama mdogo, nisamehe. Niliondoka kabla hajanifunza sehemu hizi. Mlisema ipo kwenye kompyuta."

Kuimba nusu haiwezekani. Utawaacha nje nusu ya wanawake wa mji. Na mimi msinicheke: miaka yote ile nimesikia, lakini kazi ya mwitikiaji ni kuvizia mwisho wa sauti, si kubeba maneno. Kila jina nilikuwa na mstari mmoja, miwili, kisha giza.

Kwa hiyo nikaenda na mjukuu wangu Chitete. Barabara ile ina mashimo ya kumzalisha mwanamke kabla ya wakati. Tukamkuta katibu ana duka la kutoa fotokopi, shati limechomekewa vilevile. Kompyuta yetu iko mezani, inachapa barua za maombi ya kazi.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba. Tumefuata wimbo."

Akakuna kichwa. Akasema zile nyimbo nzimanzima zilikuwa nzito, mashine ilikuwa inakwama, akazitoa kupata nafasi. Zilizo kamili zilitumwa kwa wafadhili wakati ule. Wakati ule kulikuwa na ukurasa kwenye mtandao, lakini kuna ada ya mwaka, haikulipwa, ukafungwa.

Mjukuu wangu akamuuliza, "Hao wafadhili tuwapigie wapi?"

"Yule aliyeshughulika na sisi alishahama kazi."

"Na nywila za ukurasa?"

"Alikuwa nazo yule binti."

Nikasema, "Baba, hebu niambie kitu kimoja. Mlipokuwa mnakusanya hizi nyimbo, mlifikiri sisi tutazihitaji?"

Hakunidanganya. Hilo nampa. Akasema, "Kusema kweli mama, hakuna aliyeuliza. Waliuliza zimefika ngapi."

Akachakura droo, akatupatia flashi moja. Humo kulikuwa na zile za mfano, zilizoandaliwa kwa uzinduzi. Wa kwetu ulikuwemo.

Tulipofika nyumbani mjukuu wangu akaichomeka kwenye redio. Nikakaa karibu, nimejifunga kitenge kama ninayekwenda kucheza. Sauti ikatoka. Ni yeye. Hata ile pumzi yake ya kuingilia wimbo, kama mtu anayenyanyua ndoo, ipo. Machozi yakanitoka, nikajiandaa kupokea.

Sauti haikungoja. Ilipofika mwisho wa mwito, mahali tunapoingia sisi, ikarukia mwito mwingine. Nikajaribu tena, ikanipita tena. Anaita juu ya kuita, mbio mbio, kama mtu anayefukuzwa na mbwa, na mwanzo ule ule tu, hata jina moja halimo.

"Kimefanyika nini?" nikauliza. "Mbona hapumui?"

Mjukuu wangu akahangaika mpaka akapata namba ya yule binti wa mradi. Alikuwa Dodoma, ana kazi nyingine. Akaiweka simu iongee kwa sauti.

"Mama, nafasi zilizokuwa wazi katikati niliziondoa," akasema. "Tulifundishwa kusafisha. Ukimya mrefu msikilizaji anaona kama hitilafu."

"Ule haukuwa ukimya, mwanangu. Pale palikuwa petu."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayelia lakini hataki ujue, "Sikujua mama. Na hata ningejua, muda haukuwepo."

Nilimwamini. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Ningempata mwizi ningemtukana, nikalala vizuri. Sikupata mwizi. Nilipata katibu aliyetaka chama kionekane, mgeni aliyetaka kusema maneno mazuri, msichana aliyefuata alichofundishwa, na mke mwenzangu aliyeamini. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na wimbo ukaisha. Walitukuta tuna kitu kinachoishi kwa watu wawili, mmoja anaita na mwingine anajibu, wakachukua mmoja wakamfungia kwenye magodoro, wakasema wamekiokoa.

Siku ya harusi ikafika. Mjukuu wangu alisema tujaribu hivyo hivyo, "Bibi, nataka nisikie sauti yake tu." Ningemkatalia vipi? Emsii akaweka flashi. Wakwe wamesimama uani, shangazi wa bwana harusi mbele, mwanamke mrefu, kanga begani, masikio yamesimama. Sisi mlangoni, sare, tumejipanga.

Sauti ikaanza. Tukafungua vinywa. Ikatupita. Tukafungua tena, wengine wakapokea huku, wengine kule, ikawa fujo ya soko la Jumamosi. Vijana wakacheka. Mama wa bibi harusi, mke wa mwanangu, akaniangalia akingoja jina lake litajwe, akiangalia spika, akiniangalia mimi. Halikutajwa. Wimbo ukaisha kwa kukatwa, emsii akadaka kipaza sauti, "Makofi kwa utamaduni wetu!" na mara akafungulia muziki wake wa kurusha mabega. Mjukuu wangu akavuka kizingiti katikati ya kelele hizo, gauni jeupe, uso ameuinamisha. Mtu mwingine angedhani ni aibu ya bibi harusi.

Shangazi wa bwana harusi akanisogelea wakati wanapakia mabegi.

"Wifi, mbona hatujasikia wanawake wa mji huu? Au mtoto wetu katoka kwenye nyumba isiyo na watu?"

Alisema kwa utani, kama wakwe wanavyotaniana, lakini jicho lake halikucheka. Ningeweza kumweleza yote haya. Mdomo ninao, hata wimbo ulishalisema hilo. Lakini nilipomtazama nikaona nikimwambia kweli, kwamba hatuna tena wa kututaja, atalibeba neno hilo mpaka milimani, na mjukuu wangu atalikuta jikoni kwao kila asubuhi.

"Spika," nikamwambia. "Spika iliharibika, wifi. Mitambo ya kukodi, unaijua mwenyewe. Wimbo tunao."

Akaguna, akafunga kanga vizuri, akasema, "Haya. Basi akizaa, mtakuja kutuimbia wenyewe, bila spika."

"Tutakuja," nikasema.